Nitahamaje na watu wangu?

Swali: "Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akinamama tunaolima mwani na kutengeneza sabuni, tuko kaskazini ya Pemba. Ukurasa wetu kwenye mtandao mmoja mkubwa alitufungulia mtoto wa mwenyekiti wetu, kwa laini yake ya simu. Miaka minne tumeweka picha, tumepata wateja wa Unguja, Dar es Salaam, Mombasa mpaka Oman. Kijana kasafiri, simu ikaibiwa, laini imekufa, na sisi hatuingii tena. Ukurasa tunauona, watu wanauliza bei, hatuwezi kujibu. Mjukuu wangu anasema siku hizi kuna mitandao iliyo wazi, mtu anahama na watu wake kama anavyohama nyumba. Ni kweli? Na kama ni kweli, sisi tuanzie wapi?"

Waaleikum salaam, Bi Katibu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Picha za sabuni mtapiga nyengine kesho, hizo hazikunisikitisha sana. Kilichonishika ni pale uliposema watu wanauliza bei nanyi mnawatazama tu. Sabuni ipo, mteja yupo, nyinyi mpo, na uzi uliokuwa kati yenu umekatika, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye laini ya kijana mmoja na kwenye daftari la kampuni isiyowajua. Mjukuu wako hakukudanganya. Kuna watu wamefanya kazi zaidi ya miaka 20 kutafuta namna uzi huo aushike mwenyewe anayehusika, na baadhi ya kazi yao imefika mahali pa kutumika. Lakini haijafika pote, na sitaki ufungue akaunti mpya leo jioni ukidhani mteja wa Muscat atakukuta huko.

Nianze na jambo unalolijua. Zamani pesa za simu kila mtandao ulikuwa na zake, na kumpelekea mtu wa kampuni nyengine ilikuwa shida. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana pesa zipite kutoka huku kwenda kule, na Vodacom ikaungana nazo 2016. Kisha tarehe 1 Machi 2017 ikaanza Tanzania huduma ya kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Haya ni mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kusikilizana: mimi niko kampuni hii, wewe uko ile, na shughuli yetu inapita. La pili ni kuhamika: nikichoka na kampuni yangu naondoka, na aliyekuwa akinipigia ananipata kwa namba ile ile, wala hana habari kwamba nimehama.

Barua pepe ina lile la kwanza tangu itifaki yake, yaani kanuni za kompyuta kupelekeana ujumbe, ilipowekwa mwaka 1982. Mwenye anwani ya kampuni moja anamwandikia mwenye anwani ya kampuni nyengine, na hakuna anayeuliza imewezekanaje. Mitandao mikubwa ya kijamii, kwa sehemu kubwa, haina la kwanza wala la pili. Mteja wako akiwa kwenye mtandao mmoja hawezi kukufuata ukiwa kwenye mwengine, na ukiondoka unaondoka peke yako. Ufundi wa kufanya vyengine upo. Ni kwamba kampuni inaishi kwa kuwa na watu ndani, na mlango wa kutokea ukiwa mwepesi sana watu hutoka.

Sasa utaniambia: mbona wanaruhusu kupakua nakala ya mambo yako? Ni kweli, wengi wanaruhusu, na Ulaya ni lazima kwa sheria: tangu tarehe 25 Mei 2018 mtu wa huko ana haki ya kupewa data zake katika muundo ambao kompyuta nyengine inaweza kuusoma. Lakini tazama ndani ya nakala hiyo. Juzi nilipakua ya kwangu kutoka mtandao mmoja, nikafungua faili la marafiki. Nilitegemea kukuta orodha ya watu. Kila mstari ulikuwa na vitu viwili tu: jina, na namba ndefu mfano wa 1600000000. Namba hiyo si ya simu. Ni hesabu ya sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza, na ukiigeuza kuwa tarehe unapata 13 Septemba 2020, saa 9 na dakika 26 alasiri kwa saa zetu. Yaani nimeambiwa ni lini nilifanya urafiki na mtu huyo, mpaka dakika yake, na sikuambiwa nitampataje. Hapana namba ya simu, hapana barua pepe, hapana hata kiungo cha ukurasa wake. Jina tupu.

Na jina tupu kwetu lina faida gani? Simama sokoni Konde siku ya mnada, uite "Faki!" kwa sauti, uhesabu wangapi watageuka. Uite "Faki Hamad", watapungua, lakini hatabaki mmoja. Ndiyo maana watu wetu huunganisha: Faki Hamad Faki, wa Kojani, yule mtoto wa fundi wa ngalawa. Kila neno unaloongeza ni kiungo kinachomfunga huyu Faki na mtu mwengine au mahali, mpaka anabaki peke yake. Wapemba mmekuwa mkiifanya kazi hii kabla haijaingia kwenye kompyuta, na ukishaiona hivyo, hizo ziitwazo "data zilizounganishwa", zinazotumika kwenye mitandao wazi anayoisema mjukuu, hazitakutisha.

Kompyuta ina shida hiyo hiyo, na yake ni mbaya zaidi kwa sababu haina akili ya kuuliza "Faki yupi?" Ipe neno "Mkoani". Wewe unajua mara moja kama nasema mji wa bandari kule kusini ya Pemba au nasema "katika mkoa". Yenyewe haijui. Kwa hiyo katika data zilizounganishwa kila kitu, awe mtu, mji, sabuni au kikundi, hakitambulishwi kwa jina la mdomoni tu, hupewa anwani kamili ya wavuti, na anwani moja haina wawili. Kisha habari huandikwa kwa sentensi fupi za vipande vitatu, kiima, kitenzi na yambwa, kama tulivyofundishwa skuli: kikundi hiki kinatengeneza sabuni hii, sabuni hii ina mwani huu, mtu huyu anamjua mtu yule. Kila kipande kinasimama kwa anwani yake, hata kitenzi chenyewe. Ukiifuata anwani unafika mahali penye habari zaidi, na humo unakuta anwani nyengine. Muundo wa kuandika sentensi hizi unaitwa RDF, na shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, liliupitisha mwaka 1999. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti wenyewe mwaka 1989 kwenye maabara ya fizikia ya CERN, Uswisi, aliandika kanuni zake mwaka 2006, na zote nne zinaingia kwenye kiganja: kipe kila kitu anwani, anwani iwe ya wavuti ili ifunguke, ikifunguka itoe habari yenye manufaa, na habari hiyo iwe na viungo vya kwenda kwengine.

Wazo la kuitumia njia hii kwa urafiki halikuchelewa. Mwaka 2000 Dan Brickley na Libby Miller walianzisha FOAF, kifupi cha maneno yenye maana ya rafiki wa rafiki. Kumbuka, wakati huo Facebook ilikuwa haijazaliwa. Kila mtu angeweka kwenye ukurasa wake faili dogo linalosema mimi ni nani, picha yangu iko wapi, na nawajua akina nani, kila mmoja kwa anwani yake. Kompyuta ingefuata viungo kutoka faili hadi faili na kuona jamii nzima bila ya kampuni yoyote kuwa katikati. Ukihamisha ukurasa wako, faili linakwenda nawe, na urafiki umo ndani yake. Mtandao wa LiveJournal ulikuwa ukimtolea kila mwenye akaunti faili kama hilo. Mwaka 2008 Google ilitoa huduma iliyokusanya viungo vya namna hii kutoka wavuti nzima ili programu ziweze kuuliza nani anamjua nani. Mwaka 2012 ikaifunga.

Kwa nini haikuenea? Nimelifikiria sana swali hili, na kwa maoni yangu sababu kubwa si ya ufundi. Faili la FOAF lilisema "namjua fulani", likaishia hapo. Halikumletea mtu kitu. Kwenye mtandao wa kampuni ukimwongeza rafiki, kesho unaona picha ya mwanawe. Kwenye FOAF ukimwongeza, umeandika mstari. Watu hawakuja kwa sababu ya orodha. Walikuja kwa sababu ya mazungumzo, na orodha ikawafuata.

Kilichoziba pengo hilo ndicho anachokizungumza mjukuu wako. Tarehe 23 Januari 2018 W3C ilipitisha itifaki iitwayo ActivityPub, na ndani yake zimo zile zile data zilizounganishwa, katika muundo wa JSON-LD, yaani namna ya kuziandika ili programu zizisome. Mtu ana anwani. Andiko lake lina anwani. Kitendo cha kufuata nacho kinaandikwa kwa vipande vitatu: huyu anamfuata yule. Tofauti na FOAF ni kwamba sentensi hizi husafiri. Ukiandika jambo, seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti yako, inalipeleka kwenye seva za wanaokufuata, popote walipo, kama barua pepe. Mastodon, iliyoanzishwa 2016 na Eugen Rochko, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini zipo programu nyengine za picha na za video, na mtu wa programu ya picha anaweza kumfuata mtu wa Mastodon. Kule kusikilizana nilikokueleza kupo hapa, na kunafanya kazi kila siku.

Kuhamika je? Hapa nakuomba unisome pole pole. Kwenye Mastodon, ukitaka kuhama seva, unaiambia akaunti ya zamani kwamba sasa niko kule, na akaunti mpya inakiri kwamba yule wa zamani ni mimi. Kukiri huku kwa pande mbili ni muhimu, la sivyo mtu yeyote angejifanya wewe. Kisha seva ya zamani inawatangazia seva za wafuasi wako, na wafuasi wanahamia wenyewe bila kubonyeza chochote. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilikaa nikiitazama ile hesabu ya wafuasi ikipanda upande wa pili, mmoja mmoja, watu wa nchi tofauti na seva tofauti, na hakuna hata mmoja niliyemuomba. Nimefanya kazi za kompyuta muda mrefu, na machozi yalinilengalenga.

Lakini maandiko yako ya zamani hayahami, yanabaki kule. Na seva ya zamani lazima iwe hai na ikubali kutangaza. Ikizimwa ghafla, au ukifungiwa nje kama mlivyofungiwa nyinyi, hapana wa kutangaza. Kwa hiyo hata hapa, Bi Katibu, kama kijana angefungua akaunti ya Mastodon kwa simu yake na neno la siri likapotea naye, mngekuwa pale pale mlipo leo. Sababu ni kwamba jina la Mastodon lina vipande viwili, jina lako na jina la seva, na kile cha pili si chako.

Bluesky, mtandao mwengine ulio wazi, wamelikabili hilo kwa njia nyengine. Kule akaunti ina kitambulisho cha kudumu kilicho mbali na seva, na jina linaloonekana linaweza kuwa anwani ya wavuti unayoimiliki mwenyewe. Wazo ni zuri sana. Ila daftari kuu la vitambulisho hivyo lilianza mikononi mwa kampuni yao, kwa hiyo mimi bado sijapumua. Na Berners-Lee mwenyewe ana mradi wa Solid, ambao kila mtu anakuwa na ghala lake la data na programu zinakuja kuomba ruhusa mlangoni. Mwaka 2018 alishiriki kuanzisha kampuni ya Inrupt kwa ajili hiyo. Kwa kikundi chenu sasa hivi, hapana. Ni kazi kubwa kwa faida ndogo.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, kuna jambo ambalo wanaoipenda mitandao wazi, nami nikiwa mmoja wao, hatulisemi vya kutosha. Orodha ya watu wako si yako peke yako. Namba ya mteja ni ya mteja. Ule ubahili wa faili nililolifungua, jina na sekunde tu, una upande wake wa haki. Mwaka 2018 ulimwengu ulisikia habari za kampuni ya Cambridge Analytica, iliyotumia data za watu kwenye siasa: watu walijibu maswali kwenye programu moja ndani ya Facebook, na programu ikachota habari za marafiki zao ambao hawakuulizwa. Facebook yenyewe ilisema waliofikiwa huenda ni watu milioni 87. Huko nako kulikuwa ni kuhamisha marafiki, bila ya ridhaa yao.

Kisiwani kwetu jambo hili ni zito zaidi. Wapo wateja wasiotaka ijulikane wamenunua nini na kwa nani, na sababu zao ni zao. Wapo wanachama wenu ambao picha zao hawataki zitoke nje ya kikundi. FOAF walijaribu kulinda kwa kuigeuza anwani ya barua pepe kuwa mfuatano wa herufi na namba usiosomeka, ili watu walinganishe bila kuionesha anwani yenyewe. Usije ukashawishiwa kufanya hivyo kwa namba za simu na kuziweka hadharani. Namba za Tanzania baada ya 255 zina tarakimu 9 tu, yaani haziwezi kuzidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa dakika chache na kuona ipi inalingana na ipi. Kwa hiyo neno "wazi" likae mahali pake: wazi ni muundo na itifaki, kwamba programu yoyote inaweza kuusoma ikiruhusiwa. Wateja wenu hawawi wazi.

Sasa la kufanya. Kwanza wale wanaouliza bei leo, kwa sababu hao hawangoji. Ukurasa hamuingii, lakini maswali yapo hadharani, na mtu yeyote mwenye akaunti yake anaweza kujibu chini yake. Mwanachama wenu mmoja ajibu kila swali: kikundi kimepoteza ukurasa huu, namba yetu ni hii. Wateja wataogopa utapeli, na wana haki ya kuogopa, kwa hiyo pamoja na jibu muweke picha ya Bi Mwenyekiti ameshika sabuni kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili karatasi iliyoandikwa kwa kalamu namba mpya na tarehe ya siku hiyo. Sura yake wanaijua kutoka picha za miaka minne. Laini ya zamani anayeweza kuirudisha ni yule aliyesajiliwa kwa jina lake. Kijana akirudi likizo aende dukani kwa kampuni ya simu aulize kama namba bado haijapewa mtu mwengine. Na tafadhali, msimpe pesa mtu yeyote anayejitangaza kwamba anafungua akaunti zilizofungwa. Anachofungua ni mkoba.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni jina. Sajilini jina la wavuti la kikundi, linaloishia na .or.tz au .co.tz, kupitia msajili anayetambulika. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya kikundi, na funguo zikae kwa watu wawili, tuseme wewe na mweka hazina, zimeandikwa kwenye daftari mnaloweka pamoja na stakabadhi. Jina hilo nalo hulipiwa kila mwaka, na msipolipa linakwenda, kwa hiyo liingizeni kwenye matumizi ya mwaka kama mnavyoingiza kamba na taitai za mwani. Sikufichi kwamba ni gharama. Lakini ni kitu pekee katika habari yote hii ambacho kinaweza kuhama kampuni baada ya kampuni na mteja asijue, kama namba ya simu tangu 2017.

Kwenye jina hilo wekeni ukurasa mmoja tu. Msitengeneze jumba. Mnauza nini, mko wapi, bei, namba ya kikundi, na viungo vya kila mahali mnapopatikana. Ukiwa na fundi, mwombe mambo mawili madogo. Habari za kikundi na bidhaa aziandike ndani ya ukurasa kwa muundo wa JSON-LD pia, ili mashine za kutafuta zijue kwamba hii ni bidhaa, hiki ni kikundi, na Pemba hii ni kisiwa cha Zanzibar na si Pemba ile ya Msumbiji. Na viungo vya akaunti zenu avitie alama ya "rel=me", inayosema kwamba yule wa kule ni mimi mwenyewe. Akaunti nayo ikielekeza kwenye ukurasa, Mastodon inahakiki viungo hivyo viwili na kuonesha kwa rangi ya kijani kwamba ni nyinyi kweli. Mtapeli anaweza kuiba picha zenu, lakini kuuandika ukurasa wenu hawezi.

La tatu ni daftari la wateja. Kila anayenunua kuanzia leo, andikeni jina, namba, mji, amenunua nini, na safu ya mwisho iwe swali: amekubali tumpelekee habari? Asiyekubali asiandikwe namba. Majina yaingizeni kwenye simu ya kikundi, na kila mwisho wa mwezi mtoe nakala ya anwani zote katika muundo wa vCard. Ni muundo wa tangu miaka ya 1990 na karibu kila simu inaufungua. Nakala moja iende kwenye barua pepe ya kikundi, nyengine kwenye kijaluba cha data, yaani flash, kikae na mweka hazina. Watu wanaulizia teknolojia ya kuhamisha marafiki, na hii hapa iko mifukoni mwao, imezeeka bila kutumika.

Mtandao mkubwa msiuhame. Wateja wenu wako huko, na biashara inakaa walipo watu. Fungueni ukurasa mpya kwa laini ya kikundi, wasimamizi wawili, na kila mnachoweka huko kiwe kimewekwa kwanza kwenye ukurasa wenu, kisha ndiyo kisambazwe. Fungueni na akaunti moja ya mtandao wazi. Mwacheni mjukuu aisimamie, maana anaipenda, na kwa kikundi cha sabuni mwaka huu haitaleta mauzo mengi. Italeta watu wachache wa mbali wanaojali mwani unalimwaje, na italeta uzoefu, ili siku mtandao mkubwa utakapowapandishia bei ya matangazo au kufunga mlango, mguu mmoja uwe nje. Orkut, mtandao wa kijamii wa Google, ilikuwa kubwa Brazil na India; Google ikaifunga tarehe 30 Septemba 2014.

Bado karatasi za kufungia sabuni. Nimeiona sabuni yenu dukani Darajani, karatasi yake ina jina la ule ukurasa uliopotea, na ile alama ya miraba ya kuskani kwa simu inampeleka mteja huko huko. Zilizokwisha kuchapishwa bandikeni kijikaratasi juu yake chenye namba mpya. Zinazokuja, alama iende kwenye jina lenu wenyewe, isiende kwenye mtandao wowote. Hapo mtakapohamia popote mnabadilisha kiungo upande wenu tu, na sabuni iliyokaa mwaka mzima kwenye kabati la mtu Muscat bado inamleta kwenu. Kama mchapaji hajaanza, mpigieni leo asubiri mpaka jina lisajiliwe.